Pumba na Mchele

Husemwa: mtu mzima hujua pumba ni zipi na mchele ni upi.
Mimi nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na ufunguo wa mashine mfukoni.

Ililetwa kwa meli kutoka Iloilo, vipande kumi na vinne.
Baba yangu Baldomero aliuza nyati wawili na shamba la chini
akaifunga kwa bolti kando ya mto,
na siku ya kwanza ilipokohoa moshi
padri aliinyunyizia maji, mbwa wakakimbia.
Mpunga uliingia na koti lake la kahawia
ukatoka uchi, mweupe, unateleza vidoleni.
Wanawake walitia mikono wakacheka.
Nani angerudi kwenye kinu na mchi?
Vinu viligeuka viti. Kimoja kuku alikitagia.

Pumba tuliwapa nguruwe.
Nawakumbuka nguruwe wale. Walinawiri,
manyoya yaking'aa kama viatu vya hakimu.

Dada yangu Iluminada alijifungua Machi, joto likichoma.
Mzazi, walisema wakubwa, asile samaki, damu itachafuka;
asile maboga, asile majani, tumbo bado kidonda.
Basi akala wali. Mweupe, laini, na chumvi kidogo,
asubuhi, mchana, jioni,
wali niliompelekea mwenyewe kutoka mashine yangu,
kibaba kimejaa hadi kinamwagika,
kwa mapenzi.
Alishiba. Sikiliza neno hilo: alishiba.
Tumbo limejaa, mwili una njaa,
na njaa ya namna hiyo haingurumi.

Miguu ikavimba; ukibonyeza, kidole kinaacha shimo.
Akasema nyayo zake zimelala, haziamki.
Kisha mtoto, Crisanto, wa miezi miwili na siku sita,
akalia kwa mkwaruzo, kama bawaba,
kisha akalia bila sauti.
Mdomo wazi, uso umekunjamana, machozi yapo,
sauti haipo.
Tulimwinamia watu wazima watano
tukitazama kilio.

Sitasema zaidi juu ya siku ile.

Mwaka uliofuata alikuja mkunga, Consorcia Dumalag,
mfupi, mkali, anavuta sigara upande wa moto ukiwa mdomoni.
Hakuuliza nani katuroga. Aliuliza: mnakula nini?
Akapita nyumba kwa nyumba akifunua vyungu.
Mwisho wa njia, kwa Tiya Bibang,
fukara asiye na senti ya mashine,
aliyekuwa bado anatwanga, wali wake rangi ya udongo,
alikuta watoto sita wenye mashavu, wanapigana.
Alisimama hapo kitambo.
Kisha akaja kwangu. Akachota pumba kwenye hori la nguruwe
akaniwekea kiganjani.
"Uhai wa mpunga uko kwenye koti," alisema.
"Mmelivua, mkamvisha nguruwe."

Akazichemsha, akazichuja, zikawa uji mweusi, mchungu.
Jirani yetu Perpetua, mwanawe alikuwa ameanza kukwaruza.
Tone. Kijiko kidogo. Tone.
Na mama mtu akapewa choroko, majani ya mlonge,
dagaa na mifupa yao, yai siku lilipopatikana.
Wakubwa walinuna. Consorcia aliwapulizia moshi.

Usiku wa tatu mtoto wa Perpetua alilia.
Alilia kama jogoo, kama mashine yangu, hadi alfajiri.
Mtaa mzima haukulala
na hakuna aliyelalamika.
Iluminada alikaa dirishani, akisikiliza.

Mashine ninayo bado. Nimeilegeza mawe,
mchele unatoka na wekundu wake,
na wateja wananong'ona: mzee haoni, mchele wake mchafu.
Wakiniuliza pumba ni zipi, mchele ni upi,
nanyamaza kwanza.