Usitoboe

Neno la kwanza la Dona Felismina, kabla ya bei,
kabla hata ya kunionyesha dirisha
na mapaa mekundu ya Porto yaliyolundikana chini yake:
usitoboe.
Si msumari, si parafujo, si pini.
Vigae hivi aliviweka Adelino wangu,
kimoja kimoja, Jumapili kwa Jumapili,
miezi minane, magoti juu ya gunia.
Ndege wa buluu mia mbili na kumi na sita,
wote wanatazama kushoto, kwenye bomba.
Nikatia sahihi. Mpangaji hana ukuta; ana funguo tu.

Basi taulo likakaa mlangoni,
sabuni ikakaa sakafuni, ikayeyuka kama mshahara,
nami mwoka mikate, nirudiye alfajiri na unga masikioni,
nikaoga chupa ya shampuu nimeibana kwapani.

Baltasar wa duka la vifaa akanipa vikombe vya mpira,
vile vya kufyonza. "Bonyeza tu," akasema,
"vinang'ang'ania kama mkwe aliyekuja kusalimia."
Viling'ang'ania hadi saa tisa, usiku wangu wa mapumziko.
Kishindo. Nikadhani mwizi.
Kumbe ni rafu, chali ndani ya hodhi,
wembe huku, mswaki kule,
na ndege mia mbili na kumi na sita
wakitazama kushoto, kwa adabu.

Ndipo tukaja kwenye gundi.
Siki kwanza, ing'oe chokaa ya maji magumu.
Halafu spiriti. Halafu kitambaa kikavu.
Usiguse kwa kidole: kidole kina mafuta,
hata kidole cha mtu mwema.
Mistari mitatu, wima, hewa ipate kupita.
Bonyeza, hesabu hadi sitini,
kisha (hapa Baltasar alinishika bega)
usitundike kitu siku nzima.

Siku nzima! Nikaoga kwa ndoo,
nikiichungulia rafu tupu
kama mtu amchunguliaye mgonjwa aliyepata usingizi.
Kesho yake, mswaki. Nikangoja.
Sabuni. Nikangoja.
Shampuu, chupa iliyojaa.
Wasemao kuta zina masikio
hawakusema kwamba zina na ngozi pia,
na kwamba ngozi ukiisugua vizuri, ukaisubiri,
hukubali.

Tarehe mosi Dona Felismina akaja kwa kodi.
Akapapasa ukingo wa rafu, akavuta, akatikisa,
akaigonga kwa fimbo yake.
Hakuna tundu. Hakuna hata vumbi.
"Niwekee na mimi," akasema. "Chuma cha kushikia,
kando ya hodhi. Juzi niliteleza.
Sikumwambia mtu."
Miaka themanini na mitatu,
viganja vyepesi kama maganda ya kitunguu.

Gundi ninayo, nusu kopo.
Nikasema hapana.
Gundi hushika taulo, Dona. Hushika sabuni.
Mtu haegemezwi kwenye gundi.
Akaketi juu ya kifuniko cha choo, fimbo mapajani,
tukasikiliza bomba likidondoka
moja,
na moja.

Kisha tukashuka kwake, bafuni, kwa ndege wale wale.
Akapitisha kiganja ukutani polepole,
akimpita huyu, akimpita yule,
hadi kwa mmoja aliyepinda, mkia juu,
peke yake anatazama kulia.
"Huyu alimweka siku tuliyogombana,
kwa ajili ya mama yake. Nikamwambia umemgeuza.
Akakataa kumng'oa. Miaka hamsini
nimeoga na ukaidi wake."
Akacheka, kidogo, puani.
"Toboa huyu.
Na yule wa chini yake. Alikuwa shahidi."

Nikaazima keekee ya Baltasar.
Nikabandika utepe juu ya jicho la ndege
ili ncha isiteleze.
Yeye alisimama mlangoni,
mkono mmoja umeziba sikio,
wa pili umenyooka tayari,
ukingoja cha kushika.