Injini Baridi

Saa kumi na mbili asubuhi, El Alto.
Barafu imeshika vioo vya malori.
Shangazi Primitiva havui glovu kumsalimia muuzaji.
Anaivua kwa ajili ya injini.

Kiganja juu ya bloku,
kama anayempima mtoto homa.
"Imeshawashwa hii."
"Kidogo tu, mama, nilikuwa naisogeza."
"Injini iliyolala, wa kuiamsha ni mnunuzi."
Tunaondoka. Hata bei hajauliza.

Mbeba pesa ni mimi. Zimo ndani ya soksi ya kushoto:
vitunguu vya miaka sita na ng'ombe wawili.
Nachechemea nazo juu ya matope yaliyoganda,
macho yangu kwenye rangi mpya, taa zinazometa,
odomita yenye namba za kupendeza.
"Namba hazitoki jasho," anasema. "Tazama pedali."
Mpira wa klachi umelika hadi chuma.
Mguu gani huo, wa kilomita elfu tisini?

La tatu ni la Don Fulgencio,
buluu, mlango mmoja mwekundu,
baridi kama sufuria ya jana.
Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa sketi,
anakichovya tena.
"Nyeusi ni kazi. Ikiwa kahawa ya maziwa, kimbia."

Stata inakohoa, inakohoa, inashika.
Moshi mweusi. Anausamehe:
huku juu hewa ni haba, hata sisi tunahema.
Anausubiri wa buluu. Hauji.
Kifuniko cha oili anakigeuza juu ya tundu lake;
kinatetemeka,
hakiruki.

Kisha bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
macho kayafumba.
Lori la marehemu mumewe lilinunuliwa mchana,
likiwa la moto,
kwa sababu ya rangi.
Hatulizungumzii.

Anahama silinda hadi silinda.
Mahali pamoja anarudi,
anakaa.

"Ya nne," anasema.
Don Fulgencio anatazama viatu vyake.
"Ya nne, ndiyo. Inagonga tangu Krismasi.
Nilitaka kukwambia."
"Ulitaka lini?"
"Baada ya bei."

Shangazi anacheka, mvuke unamtoka mdomoni,
cheko la kwanza tangu tushuke basi.
Anavaa glovu yake, kidole kwa kidole,
ananigeukia:
"Vua kiatu."