Sanduku Chini ya Kaunta

Aliye juu, mngoje chini.
Wengine husema hivyo kwa chuki;
mimi ndiyo kazi yangu.
Miaka kumi na tisa nyuma ya dirisha lile lile,
Ladina Tönett, mkata tiketi wa lifti ya viti,
na chini ya kaunta, sanduku la mbao
ambalo zamani lilibeba jibini na bado linanuka jibini.
Kila kinachowaponyoka mlimani
huteremka hadi humu.

Januari ni mwezi wa glavu.
Hazijapotea mbili hata siku moja.
Moja hubaki na mwenyewe, imenuna mfukoni,
nyingine hulala thelujini, kiganja juu,
kama inayouomba mlima sarafu.
Watu wa skii huja na pua zinazochuruzika:
"Ya bluu. Ya kushoto."
Nami nazichambua za kushoto
kama anayetoa mawe kwenye mchele.

Machi theluji inakuwa uji,
na vilivyozikwa vinafufuka:
funguo, simu, miwani,
meno ya bandia, safu ya juu
(mwenyewe hajatokea hadi leo,
nami sijui anatabasamuje).

Mei hakuna mtu.
Mimi na Gudench fundi tunapaka grisi,
tunahesabu viti, themanini na vinne.
Kimoja hulia kama mtoto wa paka,
hakuna mafuta yaliyowahi kukibembeleza.

Kisha baiskeli! Vijana wenye matope hadi kwenye kope,
magoti yamechubuka, wanacheka, wanataka kupanda tena.
Kisha mashua za mpira kwenye mto Inn,
na mto nao una tabia ya theluji:
huchukua ndala moja, hukuachia moja.
Julai mama mmoja alikuja kuripoti mume.
Saa nne hajulikani alipo.
Tukampata kwenye kibanda cha juu
akila keki ya jozi, peke yake, ametulia.
Huyo sikumwandika kwenye daftari.

Oktoba misonobari ya huku inageuka manjano,
inapukutisha sindano zake kwenye paa langu,
na Bwana Clavuot anakuja.
Haji na skii, haji na baiskeli.
Anainama dirishani:
"Kofia ya sufu. Ya kijani. Kifungo cha mfupa."
Ni ya mkewe. Upepo uliipokonya
wakiwa kwenye kiti cha arobaini na moja,
naye mke alicheka, akasema, nywele zangu zinatosha.
Mwaka huo alikuwa hapo kando, akithibitisha.
Mwaka uliofuata pia.
Siku hizi kiti cha kando kinapanda kitupu
na swali ni lile lile, sauti ile ile.
Nami hufungua sanduku, nikatafuta kwelikweli
hadi chini kabisa, kwenye harufu ya jibini.

Mwaka huu Gudench aliishusha
kutoka kwenye nguzo ya tisa.
Kijani kimekwisha, kifungo kipo.
Ndani yake nyasi, manyoya, uzi mwekundu wa glavu ya mtu,
na nusu ya ganda la yai, jembamba kama neno.
Wiki nzima nililala nayo akilini.
Nikimpa, Oktoba atakuja kuuliza nini?

Nikampa.
Aliishika kama inayochoma.
Akatia kidole kimoja, akaligusa ganda,
akakaa kimya hadi foleni ikaanza kukohoa.
"Mwambie fundi airudishe," akasema. "Pale pale.
Wapangaji watarudi Aprili."
Akalipia tiketi moja, ya kwenda na kurudi.
Akachagua kiti kile kinacholia.

Jana usiku theluji ya kwanza.
Leo saa tatu, glavu ya kwanza.
Ya kulia.