Mwendo wa Mize

Tuliondoka Kibigija maji yakiwa yametoka,
bamvua la mwezi mwandamo, bahari imekwenda zake hadi mwambani
ikatuachia uwanja mweupe
usiokuwa na mwenyewe.
Watu watano wa darasa moja. Chupa ya chai ya tangawizi.
Visheti katika kopo la maziwa ya unga.
Na Vuai, aliyesema hadi Michamvi ni mwendo wa saa tatu tu,
kama alivyosema mwaka juzi, na hatukufika.

Mize ana goti.
Ndivyo tunavyosema: Mize ana goti,
kana kwamba sisi wengine tumeumbwa bila.
La kulia, lililoteguka ngazini
mwaka ule wa masika makubwa.
Hapendi kuulizwa. Ukimuuliza anaongeza hatua
mpaka midomo inamkauka.

Basi tumejifunza ufundi wa kusimama.
Kidawa husimama kufunga viatu,
na viatu vyake ni kandambili.
Vuai huhesabu vigingi vya mwani,
hufika arubaini na ushei, akasahau, akaanza upya.
Mcha husimama kubishana;
hawezi kubishana huku anatembea,
lazima akukabili, mikono kiunoni,
akwambie pweza wa Paje hamfikii wa Jambiani
na kwamba anao ushahidi.
Mimi huokota simbi.
Nyumbani nina makopo matatu ya simbi,
na sijawahi kupenda simbi.

Penye mashimo ya makumbi
wanawake walikuwa wakifukua, magoti ndani ya tope,
harufu ikatupokea kabla ya salamu.
Mnakwenda wapi?
Michamvi.
Kuna msiba?
Hapana.
Harusi?
Hapana, tunatembea tu.
Wakatazamana.
Mmoja akapangusa paji la uso kwa kiwiko:
Mmeshiba nyinyi.

Tulilicheka neno lile hadi Paje,
hadi kwenye matiara makubwa yanayovuta wageni majini,
na Mize ndiye aliyecheka zaidi,
akasimama kucheka, akashika mbavu,
na sote tukasimama kucheka naye,
muda mrefu kuliko kichekesho chenyewe.

Bwejuu maji yakaanza kurudi,
vuguvugu, vidoleni kwanza, bila ya hodi.
Tukapanda juu, kwenye mivinje,
na hapo njia inapita nyuma ya duka la baba.
Mlango wa buluu. Kufuli jipya, si letu.
Ukutani bado, kwa rangi na kwa mkono wake:
SUKARI IPO.

Sikuwa nimepita hapo tangu arubaini.
Nilikuwa nimejiambia nitapita,
nitaangalia upande wa pwani, nitasema neno juu ya jua.
Miguu ikawa na lake.

Jamani, goti hili! akasema Mize,
akaketi palepale, juu ya gogo la mnazi.
Limenishika. Hebu niacheni nipumue.
Kidawa akafungua chupa.
Vuai akatazama bahari, hakuhesabu kitu.
Mcha, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuwa na hoja.
Nikakaa nao.
Nikautazama ule mlango mpaka ukawa mlango,
mbao, bawaba, rangi inayobanduka chini
pale alipozoea kuusukuma kwa mguu
akiwa na gunia begani.
Chai ilikuwa imepoa, tamu kupita kiasi.
Mize akilikanda goti lake, akiguna, akilipuliza
kama anavyopulizwa mtoto aliyeanguka,
la kushoto,
lile zima.
Kidawa aliliona. Nilimwona akiliona.
Akainama kufunga kandambili.

Michamvi tulifika watu wametoka kusali alasiri,
chumvi hadi kwenye nyusi, kopo tupu.
Si niliwaambia, akasema Vuai,
saa tatu tu.