Daftari la Vipimo

Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na saba.
Ndivyo nilivyomwandika mara ya kwanza,
ukurasa wa tisa, kwa penseli:
Nkwabi wa Shigela, suruali moja, kalipa nusu.
Aliingia kibandani kwangu Makoroboi
na nyuzi za pamba ya jineri kwenye nywele,
akaniuliza, Minza, unaweza kunishonea mtu?
Nikadhani ulimi umemteleza.

Haukuteleza.

Mwaka ule sukari ilikuwa na foleni, sabuni ilikuwa na foleni,
vimetameta vya kushonea hata foleni havikuwa nayo.
Nikashuka Kirumba alfajiri na karai,
nikaokota magamba ya sato chini ya meza za wapara samaki,
nikayaosha kwa majivu siku tatu, nikayaanika juu ya bati,
nikayatoboa moja moja kwa sindano ya moto.
Elfu moja na mia mbili. Vidole vinakumbuka.
Viatu alichongewa na fundi wa mitumbwi,
visigino vya mvule, urefu wa tofali la kuchoma.
Wanja ulikuwa wangu. Rangi ya mdomo, ya dada yake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi akapanda jukwaani
na jina lake likabaki nje pamoja na baiskeli.
Mimi ni Bwana Zuhura, alisema,
nimeshuka usiku huu, sikai sana.
Gitaa likalia kama bati linalokatwa.
Nilisimama nyuma, karibu na makreti,
nikaiona kazi yangu ikipumua:
kila alipogeuka, ziwa zima liligeuka naye.

(Alipotoka jasho alinuka samaki.
Paka wa Mtaa wa Rufiji walimsindikiza hadi mlangoni.
Hilo magazeti hayakuliandika.)

Walimsema, ndiyo. Mwanamume gani, wanja na hereni?
Mjomba wake wa Magu alikataa hata maji yake.
Lakini watoto wa Igogo walibandika vizibo vya soda
kwenye mashati ya shule, wakachapwa,
wakabandika tena.

Ukurasa wa thelathini na moja: kiuno ishirini na tisa. Bia.
Zuhura kachuja, akasema, nipe mwingine.
Nikampa Jenerali Radi, joho la gunia nililolitia wino.
Kisha Kimondo, mwenye bega moja tu.
Meli ikamchukua hadi Kisumu,
Kisumu ikamkabidhi Nairobi,
Nairobi ikanirudishia sauti yake redioni, imekwaruzika,
ikisalimia miji ambayo sikuijua.

Ukurasa wa hamsini na nne: kiuno ishirini na tano.
Alisimama mbele ya kioo changu chenye ufa,
akayatazama mabega ya koti, uso akauruka.
Nkwabi, umekula?
Akajibu: Nani?

Baada ya hapo, kurasa za watu wengine.
Sare za shule, magauni ya kipaimara, kanzu za maharusi.
Waliomtafuta walikuja na maswali kama majembe,
wakanichimba mimi. Nikawaambia
kamongo akijifukia topeni hamwambii fundi cherehani.

Juzi, mvua ya saa tisa, mtu kajikinga barazani.
Kipara, miwani imefungwa kwa uzi.
Mkononi funguo, simu, kadi ya kliniki ya Bugando,
vidonge kwenye karatasi; kila kimoja kinataka kuanguka.
Kiuno thelathini na sita, nikapima kabla sijasalimia.
Niandike jina gani?
Akafikiri mpaka mvua ikapungua.
Mifuko, akasema. Weka mifuko.

Nikafungua daftari, nikarudi nyuma hadi ukurasa wa tisa.
Kweli. Miaka yote ile sikuwahi kumtilia mfuko hata mmoja.
Wale niliomshonea hawakuwa na cha kubeba.

Nimeweka minne, na wa tano kwa ndani, mdogo,
wa kuwekea sijui nini.
Kalipa nusu.
Ile ya ukurasa wa tisa bado namdai.