Upindo

Futi ndiyo iliyojua, kabla ya daktari.
Otmari Nandonde alikuja kushonesha shati la ubatizo wa mjukuu,
hapa Masasi, barazani kwangu, wiki ya mnada wa pili wa korosho.
Nikamzungushia futi kifuani: arobaini na moja.
Daftari la mwaka juzi linasema thelathini na tisa.
Nikasema, mzee umenenepa.
Akacheka. Suruali yake ilikuwa imefungwa kamba.

Chini ya titi la kulia, kitu kigumu,
ukikisukuma hakiendi popote.
Mchana kimya. Usiku, alisema, usiku ndipo kinaponisemesha.
Tangu kiangazi mkewe anakikanda kwa mafuta ya nyonyo.

Mtwara wakachovya sindano, kinyama kikaenda Dar kusomwa.
Siku ishirini na sita.
Kikarudi na jina refu, Otmari akalikata:
"Gegedu. Gegedu langu limesahau kuacha kukua."

Daktari Nangomwa, mdogo kuliko kitindamimba wangu,
alichora mbavu nyuma ya risiti ya korosho.
Hii, hii, na hii. Na kipande cha kidari.
Kisha akachora duara nje ya duara:
"Na vidole viwili vya nyama nzima, pande zote."

Hapo nikagombana naye, moyoni.
Sisi mafundi kitambaa kizima hatukitupi.
Tunakiacha ndani, upindo,
mtu akinenepa tunafumua.
Yeye upindo ndio anaoutupa.
Akaniona ninavyoitazama ile kalamu.
"Nikibania, mama, kitarudi."

Saa sita kwenye benchi, mimi na Aurelia.
Pini zimo kolani mwangu, nilisahau kuzitoa.

Pasipo mfupa wakatandaza wavu,
wakakandika saruji, wavu tena juu yake,
wakafunika kwa msuli wa mgongoni, haukukatwa, uligeuzwa tu,
kama kiraka unachokitoa kwenye shati lilelile.
Kazi hiyo naijua.

Ubatizo ulipita. Mtoto sasa anakaa.
Otmari amekuja tena na kitambaa chake:
thelathini na sita, kulia pamebonyea.
Akikohoa hupashika kwa kiganja
kama mtu anayetafuta chenji.
Anataka mfuko uhamie upande huo.
Sawa.

Picha nyingine ni baada ya miezi mitatu.
Nimeacha upindo wa inchi mbili, kila ubavu.
Sikumwambia.