Kijani Gani

Dakika kumi na moja nilifundisha asidi na besi
kipaza sauti kikiwa kimezimwa.
Nilieleza hidrojeni kwa mikono miwili,
nikatia mzaha, nikanyamaza ili wacheke,
nikaendelea.
Twaha akaandika, kwa adabu ya mtoto wa Magomeni:
Shikamoo mwalimu. Hatukusikii tangu mwanzo.

Miaka ishirini na sita mbele ya ubao.
Kwa mgongo tu najua nani anatafuna karanga.
Nakijua kimya cha asiyeelewa,
namna kinavyomkalia mabegani.
Sasa nina herufi ndani ya viduara:
T ya Twaha, E ya Editruda,
N mbili nisizozitofautisha,
na kiduara kimoja chenye picha ya mbuzi.

Binti yangu Nasemba ndiye mwalimu wangu.
Bonyeza hapa, mama. Si hapo.
Nimesema si hapo.
Niliitambua sauti ile. Ni yangu,
ndiyo ninayomtolea mtoto
anaposhika neli ya majaribio kama mwiko.
Nikaona haya, nikabonyeza hapo hapo tena.

Leo usiku, jikoni kwetu Tabata Kimanga,
kigoda kimepinduliwa juu ya meza,
simu imefungwa mguuni pake kwa ukanda wa kitenge,
inachungulia chini kama hadubini.
Rozela imechemka, imepoa.
Ndimu. Siki. Magadi kwenye kisahani.
Glasi sita za harusi
ambazo mama mkwe alikataza zisitumike.
Jana niliwaagiza: kila mmoja atafute vya kwao.

Nikakamulia ndimu ya kwanza, wekundu ukawaka,
nikasema, Mnaona?
na LUKU, iliyokuwa ikilia tangu magharibi
nikijifanya sisikii,
ikakata.

Feni ilizunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama.
Pesa ya umeme nilinunulia bando.
Nikakaa gizani na glasi zangu sita
zote zina rangi moja sasa, rangi ya hakuna.

Zimeni picha, nikasema. Tubaki na sauti.
Editruda, tia magadi. Rangi gani?
Kijani, mwalimu.
Kijani gani?
Akafikiri. Nikasikia kijiko kikigonga bilauri,
na redio ya kwao, na mtu akiulizia chumvi.
Kama maji ya mchicha uliolala.
Twaha akadakia: Yangu ilianza buluu, ikajuta.
N mmoja, ambaye sasa najua ni Nyamizi:
Kama goti ulilojigonga, likianza kupona.

Sijawahi kusahihisha jibu kama hilo.
Ubaoni ningeandika neno moja, wangenakili arobaini na watano,
na hakuna ambaye angeinamia bilauri.
Mtihani utawauliza kwa Kiingereza.
Usiku huu sikuwakumbusha.

Kisha mbuzi akaongea.
Sauti nyembamba, imekauka, kama mlango wa stoo.
Mwalimu, kwetu magadi hayapo.
Nimechota majivu ya jiko la mkaa, nimeyachuja kwa kitambaa.
Nimekosea?

Shamimu. Wa dawati la nyuma, dirishani.
Miaka miwili nimesahihisha daftari lake,
mwandiko umelalia kushoto, kila kitu sahihi, kila kitu kimenakiliwa,
na sikuwahi kuisikia sauti hii.

Majivu. Hayamo kwenye andalio langu la somo.
Bibi yangu alifulia maji ya majivu,
nami nilikwenda chuo kikuu
nikarudi bila kumuuliza kwa nini yanateleza vidoleni.

Betri asilimia tisa.
Jasho linashuka, mbu wameshajua nilipo.
Nikakohoa.
Nikatazama kwanza kile kialama kidogo,
nikahakikisha kipaza sauti ki wazi.

Hujakosea, Shamimu. Mimina polepole.
Rangi gani?